Vitabu Mia vya Kwemzizi

Kila Jumamosi, kabla ukungu haujanyanyuka bondeni, Dorothea alikuwa amekwisha kuteka maji mara mbili, kumkatia ng'ombe majani na kufagia uwanja. Si kwamba alipenda kazi kuliko watoto wengine wa Kwemzizi. Alikuwa na haraka tu. Maktaba ya kata ilifunguliwa saa tatu, na aliyechelewa hakupata pa kukaa.

"Shikamoo, Bibi. Mimi naondoka," alisema akichungulia jikoni.

"Marahaba. Onga mau, mwanangu," alijibu Bibi Efrazia, akimsalimia kwa Kishambaa kama alivyozoea. "Kunywa uji kwanza. Vitabu havikimbii."

"Vitabu havikimbii, Bibi. Nafasi ndiyo inayokimbia."

Alikunywa uji akiwa amesimama, akavaa sweta lake la shule na kukimbia.

Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba katika milima ya Usambara haumwonei mtu huruma. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Maktaba ilikuwa na chumba kimoja kikubwa cha watu wazima, chenye meza tatu. Pembeni kulikuwa na chumba cha watoto, lakini kilikuwa kimefungwa kwa kufuli kwa miaka mingi. Sakafu yake ilikuwa ya udongo, madirisha hayakuwa na vioo, na ndani hamkuwa na kiti hata kimoja. Watoto walisomea barazani, wamekaa chini. Mvua ilipokuja kwa mshazari walificha vitabu ndani ya masweta na kujibanza ukutani kama kuku.

"Nimekuwekea nafasi, mheshimiwa mwenyekiti," alisema Bryson, aliyesoma naye darasa la sita. "Ila imelowa."

"Kaa wewe basi, uikaushe."

Dorothea alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wasomaji, na Bryson hakuacha kumtania kwa cheo hicho. Kabla hawajaendelea kutupiana maneno, Bi Secilia, mkutubi, alitoka na karatasi mkononi. Alikuwa mama mwembamba, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Aliwaomba watoto wasogee.

Barua ilitoka kwa umoja wa watu wa Kwemzizi wanaoishi Dar es Salaam. Walikuwa tayari kufadhili chumba cha watoto: sakafu ya saruji, vioo, meza na viti. Ila waliweka sharti moja. Wakazi wenyewe wachangie kwanza vitabu mia moja vya watoto, vilivyo vizima na vinavyosomeka, viandikwe kwenye rejista ya maktaba kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo katibu wa umoja, Bwana Lucian, angekuja kuikagua rejista.

Watoto walipiga makofi. Dorothea alisimama juu ya ngazi, kifua mbele.

"Mia moja? Mbona vichache! Mimi nitavileta. Nisipovileta, msiniite tena mwenyekiti!"

"Tumesikia wote," alisema Bryson. "Mashahidi tupo thelathini."

Bi Secilia alitabasamu. "Vitabu vya watoto, Dorothea. Vizima. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," alijibu, ingawa masikio yake yalikuwa yamekwisha kwenda mbali.

Kesho yake, baada ya ibada, watu walikusanyika nje ya kanisa kwa ajili ya mnada. Kwemzizi nzima inaujua mnada huo. Asiye na fedha huleta sadaka ya alichovuna: kabichi, mayai, mkungu wa ndizi, mara nyingine jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa hukinyanyua juu na kukipigia bei, watu hucheka na kushindana, na hakuna kinachorudishwa. Hata kabichi lililotobolewa na wadudu hupata mnunuzi, na aliyelileta hupewa asante ileile anayopewa aliyeleta jogoo.

Mnada ulipokwisha Dorothea aliomba nafasi. Alieleza habari ya chumba cha watoto kwa sauti iliyofika mpaka kwa akina mama waliokuwa wakianza kuteremka njia.

"Leteni vitabu!" alisema. "Mlicho nacho, leteni. Kila zawadi itapokelewa!"

Watu walileta. Walileta mpaka Bibi Efrazia akalalamika kwamba stoo ya mahindi imegeuka kuwa ofisi. Wengine walileta kwa kikapu, wengine kwa mfuko wa mbolea. Dorothea hakufungua kitu. Alihesabu tu, jioni baada ya jioni, na Jumamosi iliyofuata hesabu yake ilisema mia na kumi na saba. Yeye na Bryson waliazima toroli kwa jirani, wakapandisha mzigo ule mlimani mara tatu, jasho likiwatiririka katikati ya baridi.

"Hivi hapa, mama," Dorothea alimwambia Bi Secilia, akihema. "Mia na kumi na saba. Andika."

Bi Secilia hakuandika. Alivuta kiti, akafungua mfuko wa kwanza na kutoa kitabu kimoja kimoja. Alitazama jalada, akageuza kurasa, akanusa, akakiweka kulia au kushoto. Rundo la kushoto likazidi kunenepa. Kalenda za kampuni za mbegu zilikwenda kushoto. Shajara za zamani kushoto. Mwongozo wa kutibu ng'ombe, ulioliwa na mchwa mpaka katikati, kushoto. Kitabu cha nyimbo ambacho mtu alikuwa ameandikia orodha ya waliotoa rambirambi kwenye msiba wa babu yake, kushoto.

"Hiki wenyewe watakitafuta," alisema Bi Secilia. "Tutawarudishia."

Kisha ikaja bunda la vitabu vya kiada vyenye muhuri wa shule. Hivyo hakuviweka kulia wala kushoto. Aliviweka mapajani.

"Hivi ni mali ya shule, Dorothea. Aliyevileta alipaswa kuvirudisha huko."

Alipomaliza alihesabu rundo la kulia mara mbili, kwa kalamu.

"Hamsini na sita."

Dorothea alihisi kama mtu amemmwagia maji ya mtoni. "Hamsini na sita? Mama! Tumesukuma toroli mara tatu!"

"Nimeona. Na nawashukuru sana."

"Lakini zawadi hairudishwi! Kanisani hata kabichi bovu linapokelewa!"

"Kabichi bovu lina mtu wa kulinunua kwa kuwa anataka kutoa sadaka yake," alisema Bi Secilia polepole. "Hapa kitabu kinamngoja mtoto aje kukisoma. Nikimpa mtoto kalenda ya mwaka juzi nimemsomesha nini? Rafu moja yenye vitabu vizuri kumi inamfaa kuliko kabati lililojaa uchafu. Tena kila ninachokiandika kwenye rejista ni lazima nikitunze na nikitolee hesabu, hata miaka ishirini ijayo."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini Dorothea hakuwa na masikio ya kuyasikiliza. Alikuwa anafanya hesabu kichwani. Vilipungua arobaini na vinne, na siku zilizobaki zilikuwa sita.

Wakati huohuo mlango ulifunguliwa na Mzee Jafari akaingia. Alikuwa na duka la pembejeo karibu na stendi, na kila mkulima wa kata alimjua. Nyuma yake kijana wa bodaboda alibeba boksi.

"Nimesikia mnatafuta vitabu," alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupigia watu mahesabu. "Hivi ni vipya. Arobaini na vitano. Havijatoka hata kwenye nailoni."

Dorothea nusura aruke. Hamsini na sita na arobaini na vitano! Mia na kimoja! Bi Secilia alitoa kitabu cha kwanza na uso ukamng'aa, kisha mng'ao ukafifia. Juu ya jalada palikuwa pamebandikwa karatasi yenye picha ya pampu ya kunyunyizia dawa na jina la duka, kubwa kuliko jina la kitabu. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile.

"Vitabu ni vizuri sana, mzee wangu," alisema. "Ila karatasi hizi itabidi zitoke. Jina lako tutaliandika ndani, kwenye jalada la nyuma, kama tunavyomwandika kila mfadhili. Na barua ya shukrani nitaibandika ubaoni, kila anayeingia aione."

"Yaani natoa vitabu vyote hivi halafu nafichwa nyuma?"

"Hufichwi, mzee. Lakini mtoto anayekuja kusoma hakuja kuuziwa dawa. Leo nikiruhusu pampu yako, kesho mwingine ataleta picha ya bia, na nitamkatalia kwa mdomo gani?"

"Basi," alisema Mzee Jafari, akimpa ishara yule kijana. "Beba. Tunarudi navyo."

Dorothea alilitazama boksi likitoka mlangoni, likishuka ngazi, likifungwa nyuma ya pikipiki. Machozi ya hasira yalimjaa.

"Mama umefukuza vitabu arobaini na vitano!" alisema. "Karatasi tu! Karatasi ya kubandua!"

"Mwenyewe hakutaka ibanduliwe, mwanangu."

"Wewe hukai barazani! Wewe una kiti!"

Bryson alimvuta mkono wa sweta. Bi Secilia hakukasirika. Alivua miwani yake, akaifuta kwa kanga, na hilo lilimuudhi Dorothea kuliko kama angechapwa. Aliondoka bila kuaga.

Siku nne zilizofuata alizunguka nyumba kwa nyumba kila alipotoka shule. Alipata vitabu viwili, vyote vya uchumi, na mbwa mmoja aliyemfukuza mpaka kwenye shamba la viazi. Watu waliokuwa navyo walikwisha kutoa. "Si tumeshatoa jamani?" walimwambia. "Vile vya kwanza vilikuwa na kasoro gani?" Hakujua aanze wapi kuwajibu. Shuleni ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwenyekiti, vimefika vingapi?" waliuliza wenzake mapumzikoni, wakijua kabisa.

Jumatano alibisha hodi nyumbani kwa Mwalimu Alen. Mwalimu huyo mstaafu alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa Kwemzizi, mama yake Dorothea akiwamo. Mwenyewe alikuwa amekwenda Tanga kutibiwa macho. Aliyefungua mlango ni mkwewe, Happiness, akiwa na mtoto mgongoni.

"Vitabu? Vipo," alisema. "Baba ana gunia zima pale chini ya kitanda. Macho yenyewe ndiyo hayo, atavisoma lini? Chukua tu. Yeye hupenda watoto wasome."

Dorothea na Bryson walilibeba gunia, mmoja huku mmoja huku, mpaka jikoni kwa Bibi Efrazia, ambaye alikuwa shambani. Safari hii Dorothea alifungua. Moyo ulimpaa. Vilikuwa vitabu vya hadithi, vyenye picha, vizima, vimepangwa na kufungwa kwa kamba. Arobaini na sita!

Kisha akafungua ukurasa wa kwanza wa kile cha juu. Palikuwa na muhuri wa wino wa bluu: MAKTABA YA KATA, KWEMZIZI. Akafungua cha pili. Muhuri. Cha kumi. Muhuri. Vyote vilikuwa vya maktaba yenyewe, vilivyoazimwa zamani na kutorudishwa.

Alikaa chini juu ya kigoda. Halafu alinyanyuka, akachukua wembe ambao Bibi alikatia nyuzi za kushonea.

"Unafanya nini?" Bryson aliuliza.

"Ukurasa wa kwanza hauna hadithi. Una jina tu."

"Dorothea, huo ni wizi."

"Wizi gani? Nani kaibiwa? Vilitoka maktaba, vinarudi maktaba!"

"Sasa kama vinarudi, unavikatia nini?"

Dorothea alivuta kitabu cha juu. Alikata, akakunja, akatia mekoni. Alikata tena. Kwenye kitabu cha sita wembe uliteleza ukachana mpaka picha ya ukurasa wa pili. Bryson alisimama mlangoni akitazama, kisha akaondoka zake. Kurasa arobaini na sita ziliungua chini ya sufuria ya makande.

Alhamisi alasiri alisukuma toroli peke yake. Bi Secilia alipoviona vitabu alifurahi mpaka akapiga makofi. Akamshika Dorothea bega.

"Hukukata tamaa," alisema. "Ngoja nivikague tuviandike."

Alichukua cha kwanza. Hakufungua mwanzoni. Alikwenda moja kwa moja ukurasa wa kumi na tisa, na kidole chake kikasimama. Pale chini, pembeni, palikuwa na muhuri mdogo wa duara, wa bluu. Akachukua kingine, akafungua kumi na tisa. Muhuri mdogo. Kingine tena.

"Vitabu vyetu hugongwa mihuri miwili," alisema Bi Secilia, karibu na kunong'ona. "Mmoja mbele, ambao kila mtu anauona. Mmoja ndani, kwa ajili ya wanaokata ule wa mbele. Hivi niliviandikisha mwenyewe mwaka nilioanza kazi." Alinyanyua macho. "Nani amekata kurasa hizi?"

Kama Dorothea angesema ukweli pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alifikiria thelathini wale wa barazani, akafikiria mdomo wa kila mmoja wao.

"Vilikuja hivyo hivyo, mama. Kutoka kwa Mwalimu Alen."

Bi Secilia alikwenda kabatini, akatoa daftari la zamani la waazimaji na kulifunua. Alishusha kidole mstari kwa mstari.

"Kweli. Aliazima vitabu arobaini na nane kwa ajili ya darasa lake. Nilidhani amesahau tu. Kumbe alikata na kurasa ili visijulikane!" Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Mwalimu Alen! Itabidi nimwandikie mtendaji wa kata. Na kesho Bwana Lucian atataka kujua, sitaweza kumficha."

Dorothea alirudi nyumbani na toroli tupu, na toroli hilo tupu lilimshinda uzito. Njiani alimkuta Bryson akichunga mbuzi.

"Vipi, vimeandikwa?"

"Vina muhuri mwingine ndani."

Bryson alipiga mluzi. "Ukasemaje?"

Dorothea alianza tena kusukuma toroli. Bryson alimtazama usoni, na taratibu akaelewa.

"Umesema ni mwalimu. Yuko Tanga kafungwa bandeji machoni, nawe umemvisha wizi!" Alitema mate pembeni. "Mimi nilikuwa nakutania tu, Dorothea. Hata ungeleta kumi ningekuita mwenyekiti."

Ijumaa chumba kikubwa cha maktaba kilijaa. Mtendaji wa kata alikuwapo, wazee wa kanisa walikuwapo, akina mama walikaa kwenye mabenchi, na Happiness alikuwa mbele kabisa na mtoto wake. Bibi Efrazia alivaa kitenge chake cha sikukuu, maana mjukuu wake ndiye aliyebeba jambo hili. Bwana Lucian alifika saa tano, amechoshwa na kona za kupanda mlima kutoka Mombo. Alikuwa mtu mfupi asiye na maneno mengi. Alisalimia, akaketi, akaomba rejista.

"Vya kuchangiwa ni vingapi?"

"Hamsini na sita," alisema Bi Secilia. Mnong'ono ukapita chumbani. "Kuna vingine arobaini na sita, lakini hivyo ni vya maktaba tangu zamani. Vimerudi vikiwa vimekatwa kurasa za muhuri. Nasikitika kusema kwamba aliyeviazima, ambaye wote tunamheshimu, ni..."

"Si yeye!"

Sauti ilimtoka Dorothea kabla hajajua kama ameifungulia mdomo. Watu wote waligeuka. Alisimama.

"Si yeye, mama. Mimi ndiye niliyekata. Kwa wembe wa Bibi. Jana nilikudanganya. Vilikuwa vizima, vimefungwa vizuri kwa kamba. Nilitaka vifike mia."

Bibi Efrazia aliinamisha uso. Happiness alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amekwisha kuelewa ni jina la nani lililokuwa linakuja. Bwana Lucian alifunga rejista taratibu.

"Binti, asante kwa kusema," alisema. "Lakini barua yetu inasema mia, na hapa pana hamsini na sita. Leo siwezi kutia saini. Watu walioko Dar walichanga wakiamini kwamba kinachoandikwa humu ndicho kilichopo. Nitarudi baada ya mwezi mmoja. Vikitimia, kazi itaanza. Visipotimia, tutapeleka kwa kata nyingine inayongoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyebembeleza. Watu walitoka mmoja mmoja, wengine wakimtazama Dorothea, wengine wakifanya bidii wasimtazame, na huo uzito wa wale wasiomtazama ulikuwa mbaya zaidi. Alitamani mtu amtukane.

Mwalimu Alen aliporudi kutoka Tanga, Dorothea alikwenda kwake na Bibi yake. Alipiga magoti akaeleza yote. Mzee alisikiliza, jicho moja likiwa bado limefunikwa.

"Na mimi nina langu," alisema mwishoni. "Wanafunzi walivipeleka makwao, na mvua zikaja shule ikafungwa. Nimevitafuta nyumba kwa nyumba miaka tisa. Nikapata arobaini na sita. Viwili vikanishinda. Kila mwaka nasema nikivipata nitarudisha vyote, nisionekane mzembe. Aibu ya viwili imewanyima watoto vile arobaini na sita. Kesho nitakwenda kumwambia Secilia mwenyewe."

Alikwenda kweli, akiongozwa na fimbo, na Bi Secilia alifuta jina lake kwenye daftari la waazimaji mbele yake.

Jumapili iliyofuata ni Bi Secilia aliyesimama baada ya mnada. Alishika kitabu kizuri mkono mmoja na kalenda mkono wa pili, akaeleza kwa nini hiki kinafaa na hiki hakifai. Watu walicheka, lakini safari hii walielewa. Mama mmoja alimpigia simu dada yake Tanga. Wafanyakazi wa shamba la chai walichangishana wakaleta kumi na viwili. Mzee Jafari hakurudi, na vitabu vyake, watu walisema, vilikwenda kukaa juu ya kabati dukani kwake, bado ndani ya nailoni.

Dorothea hakuzunguka tena kuomba. Kila alasiri alikaa mwisho wa meza ya Bi Secilia, akinakili kwa mkono kurasa zile alizozikata, kutoka orodha ya zamani ya maktaba: jina la kitabu, jina la mwandishi, mwaka. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akabandika kwa gundi na kushona kwa sindano. Kurasa arobaini na sita. Kukata kulimchukua nusu saa. Kurudisha kulimchukua wiki tatu, na kidole chake cha shahada kikaota sugu.

"Ningesema ukweli ile Alhamisi," alisema siku moja bila kuinua kichwa, "tungekuwa na viti sasa?"

"Hapana. Tungekuwa na hamsini na sita vilevile," alijibu Bi Secilia. "Usidhani ukweli unaongeza vitabu. Hauongezi. Wewe ulitaka kusaidia, na kutaka kwako kulikuwa kuzuri, lakini nia njema haimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Anayetupa kitabu au kiti, Dorothea, anatupa na imani yake, na sisi tunaitunza humu, kwenye rejista. Kitabu kikichanika tunakishona, kama unavyofanya. Imani ya watu ikichanika, sindano yake ni ngumu zaidi kuipata. Ndiyo maana nakagua, nakataa, naandika polepole mpaka mnachoka nami."

Dorothea alishona mishono mitatu kabla ya kusema.

"Nisamehe yale ya kiti, mama."

"Nilikwisha kukusamehe. Vuta uzi huo, umelegea."

Bwana Lucian aliporudi, rejista ilisema vya kuchangiwa ni mia na tatu, mbali na vile arobaini na sita vya zamani. Aliisoma mstari kwa mstari, akachagua vitabu kumi na kwenda kuvitafuta rafuni mwenyewe. Alivikuta vyote kumi. Akatia saini. Mafundi walikuja wiki ileile.

Siku ya kufungua chumba, viti vilikuwa ishirini na vinne na watoto waliokuja walikuwa thelathini na tisa. Kulikuwa na kusukumana, kukanyagana na kelele, mpaka Bi Secilia akapiga kengele. Dorothea alifika amechelewa, maana ng'ombe alikata kamba asubuhi. Hakukuta kiti. Alichukua kitabu rafuni, akakaa chini karibu na dirisha, akapapasa saruji kwa kiganja. Ilikuwa kavu.